Risasi Iliyosikika Ndogo

Haugli, 9 Julai

Sjur mwanangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Stord, na kwamba mvua ya pwani haijakuozesha. Sisi huku hatujambo. Nyasi za kwanza zimekatwa, nusu ziko ghalani na nusu bado zinaloa nje kwa sababu baba yako hasikilizi utabiri wa hewa. Kondoo wako mlimani. Kifaranga wangu mmoja kachukuliwa na mbweha, na mbweha huyo namjua kwa sura.

Najua watu wote siku hizi wanapigiana simu. Mimi simu ninayo, naitumia kumulika nikienda kuchukua kuni. Kwa masikio haya, ukinipigia utaongea na ukuta. Kwa hiyo vumilia mwandiko wangu.

Haya, kifurushi chako. Kilifika siku ileile baba yako alipotimiza miaka sabini, na nikakiweka mezani karibu na keki. Tulikuwa na Halvor jirani na mkewe. Baba yako alikata kamba, akatoa kile chuma cheusi, akakigeuza huku na huku. "Sufuria gani hili?" akasema. Halvor akamwambia ni kizuia sauti, unakifunga mbele ya mtutu wa bunduki, vijana wote wanacho sasa. Baba yako akajibu kwamba mtu anayeficha mlio wa bunduki yake ana jambo la kuficha. Wakacheka. Akakirudisha ndani ya boksi lake, akakiweka kwenye rafu juu ya jiko, pale penye mikebe ya kahawa.

Unajua maneno hayo kayasema mara ngapi kwenye uwanja wa shabaha, mbele ya wanaume wote. Sasa utamtegemea ale matapishi yake?

Lakini nikwambie kitu. Kadi yako hakuiacha kwenye boksi. Aliisoma, akaitia mfukoni mwa shati. Nilipofua shati lile Jumatatu mfuko ulikuwa mtupu. Uliandika maneno machache tu, "Baba, masikio yako nayahitaji." Unayahitaji ya nini? Miaka minne hamjasemezana, tangu ile Krismasi uliposema mezani kwamba shamba hulitaki, na leo unahitaji masikio!

Mbona hunijibu nikikuuliza habari za Ingerid? Mko pamoja bado, au nisiulize?

Shangazi yako,
Gudveig


Stord, 2 Agosti

Shangazi mpendwa,

Pokea salamu na heshima zangu. Nisamehe kwa kuchelewa, tumekuwa na meli karakanani na nimefanya kazi hata Jumapili. Ingerid hajambo, anakusalimu. Tuko pamoja. Mengine nitakwambia wakati wake.

Huyo mbweha mwache, nawe si ulikuwa unamrushia mabaki ya samaki majira ya baridi? Umejitakia mwenyewe.

Shangazi, nakuomba jambo moja, na tafadhali usilifanyie utani. Kama Baba atakitumia kile kizuia sauti, lazima kwanza aende nacho uwanjani akailenganishe bunduki upya, yaani apige shabaha na kurekebisha darubini yake. Kadi ilikuwa ndogo, na nilijua nikimwandikia mambo hayo atasema namfundisha kazi aliyonifundisha yeye. Kile chuma ni kizito, nao uzito wote unakaa kwenye ncha ya mtutu. Risasi ikitoka, mtutu mzima hutikisika, na ukiweka mzigo pale mbele mtikisiko unabadilika. Risasi inaondoka imeelekea kwingine kidogo. Yangu ilishuka upana wa kiganja kwa mita mia. Kwa mita mia mbili ni viganja viwili, na kuendelea. Bunduki haijaharibika, hata risasi zenyewe zinakaa karibu karibu kuliko mwanzo. Zinakaa chini tu. Unazungusha kitufe cha darubini ya bunduki mibofyo kadhaa, kila mbofyo ukiipandisha risasi kidogo, mambo yamekwisha.

Na akikaze kila mara. Kikilegea, risasi zinatawanyika hovyo.

Mwambie wewe. Mimi hatanisikiliza.

Sjur


Haugli, 27 Agosti

Sjur mwanangu,

Salamu. Barua yako niliipata. Nilimwambia baba yako mezani, neno kwa neno. Aliendelea kupaka jibini ya kahawia kwenye mkate. Akasema, "Mimi nimepiga bunduki kabla yeye hajaota meno." Jaribio la shabaha la kila mwaka, lile ambalo kila mwindaji lazima alifaulu, alilifanya kwa bunduki yake kama ilivyo, bila sufuria lolote. Risasi tano, zote moyoni mwa shabaha, na wanaume wakampigia makofi. Kwa hiyo hapo sikuona la kuogopa.

Matunda ya mawinguni, yale ya njano ya kwenye vinamasi, mwaka huu ni mengi ajabu. Nimejaza mitungi yote na sasa najaza makopo ya rangi. Mke wa Halvor ameanguka ngazini, mkono umefungwa. Mchungaji mpya ni mwanamke, ana pikipiki. Kuku wanataga.

Hali ya hewa mlimani imekuwa mbaya. Ukungu.

Ninaandika kwa haraka, kuna watu wanakuja kunywa kahawa.

Shangazi Gudveig


Stord, 4 Septemba

Shangazi,

Nimesoma barua yako mara kadhaa. Umenieleza mkono wa mke wa Halvor, pikipiki ya mchungaji na makopo ya rangi. Msimu wa kuwinda kulungu wa milimani umeanza tangu tarehe ishirini Agosti, na hukuandika hata neno moja kuhusu Baba na mlima. Hujawahi kuniandikia barua ya mwezi wa nane bila kunitajia nani kaangusha nini.

Nimempigia Halvor. Akasema tu, "Muulize shangazi yako." Halvor, ambaye akiona gari jipya barabarani anakupigia kukuambia rangi yake!

Baba yuko hai? Niandikie hilo kwanza, mengine yafuate.

Sjur


Haugli, 15 Septemba

Sjur,

Yuko hai. Nimeandika hilo kwanza kama ulivyotaka.

Alinikataza nisikuambie. Aliniwekea mkono begani akaniangalia usoni ili nisome midomo yake vizuri, akasema, "Yule wa Stord asijue." Nikanyamaza. Lakini barua yako imenikalia kifuani siku zote hizi na siwezi tena.

Walipanda yeye na Halvor siku ya tatu ya msimu. Walitengana kama kawaida, Halvor upande wa jabali la mashariki na baba yako upande wa kijito, wakiangalia bonde moja. Kundi lilikuja asubuhi. Halvor alikuwa anatazama kwa darubini yake. Anasema dume lilisimama ubavu kabisa, shwari, upepo hamna, umbali mita mia mbili na ushei. Kwa baba yako hiyo ni kama kunywa maziwa. Halvor alishaanza kufikiria watalibebaje.

Risasi ikalia, na dume halikuanguka. Mguu wa mbele ulikatika. Halvor anasema aliuona ukining'inia, na mnyama akakimbia na kundi kwa miguu mitatu kuelekea ukungu.

Sjur, baba yako hajawahi kujeruhi mnyama akamwacha anakimbia. Miaka hamsini na zaidi. Nilipoambiwa nilikaa chini pale pale ghalani. Nilidhani Halvor anataja mtu mwingine.

Nawe unajua sheria ya huku, ukimjeruhi unamfuata. Baba yako alifuata. Hakumsubiri Halvor, hakurudi kuchukua blanketi wala mkate. Akaingia ndani ya ukungu, na ukungu ukafunga. Halvor aliita mpaka sauti ikamkauka. Usiku ukaingia, hakuna mtu. Kesho yake walikuja vijana wa uokoaji na mbwa, mvua ya barafu ikawarudisha. Usiku wa pili ukaingia. Mimi nilikaa jikoni nimewasha taa zote za nyumba, hata za ghala. Nilishaanza kuwaza suti gani tumvishe. Ndiyo, niliwaza hivyo, na aibu ninayo.

Wakampata siku iliyofuata kwenye kibanda cha mawe upande wa pili wa mlima. Alikuwa amekaa na mzoga wa lile dume. Alimfuata mpaka akamfikia na akammaliza. Vidole viwili vya mguu vimekufa kwa baridi. Vimekatwa.

Lakini lililonitisha kuliko vidole ni hili. Aliposhushwa, mbele ya wanaume wote aliivua bunduki begani, akampa Halvor. "Macho yangu yamekwisha," akasema. "Sitapiga tena. Na mtu asiyeona hawezi kulima." Siku ya pili akamwita yule jirani wa juu, anayeitamani ardhi yetu tangu zamani, akamwambia yuko tayari kuuza. Watatia sahihi mwezi wa kumi ukiisha. Haugli yote! Nyumba aliyozaliwa baba yetu na babu yetu. Nami niende wapi na kuku wangu?

Nilimpeleka kwa daktari wa macho mjini, nikamdanganya tunakwenda kununua mbolea. Daktari akasema macho ni ya kijana. Baba yako akamjibu kwamba daktari hajawahi kumwona kulungu mwenye miguu mitatu.

Halvor ananiandikia kwenye kidaftari changu kila akija, maana ndivyo tunavyoongea. Juzi ameandika kitu ambacho sikukielewa. Kwamba risasi ya baba yako siku ile ilisikika ndogo. Siyo ule mngurumo wake wa siku zote unaopasua bonde. Ilikuwa kama mtu kafunga mlango wa gari kule mbali. Alidhani ni upepo, kisha akakumbuka upepo haukuwepo. Nakuandikia kama nilivyoambiwa. Mimi mlio ni mlio, sijasikia hata mmoja tangu nina miaka arobaini.

Usimpigie. Hataongea nawe.

Gudveig


Stord, 19 Septemba

Shangazi,

Barua yako nimeisomea karakanani nimesimama. Msimamizi wangu alinishika mkono akanikalisha juu ya ndoo, alidhani nimepata habari za msiba.

Nenda jikoni sasa hivi. Juu ya jiko, penye mikebe ya kahawa. Fungua lile boksi.

Mlio ulikuwa mdogo kwa sababu kizuia sauti kilikuwa kwenye mtutu! Alikifunga mlimani, Shangazi, na darubini ilikuwa bado imerekebishwa kwa bunduki bila kizuia sauti, vile alivyofanyia jaribio. Alilenga vizuri. Macho yake yaliona kila kitu na mkono wake ulifanya kila kitu, na risasi ikaenda viganja viwili chini ya pale alipoitaka. Pale ndipo mguu ulipo. Nimechora kwenye karatasi na kupima, na kila nikipima naona mguu ule ule.

Mimi nilimtumia kitu kile. Siwezi kula. Nilitaka kumpa zawadi na nimemfanya auze shamba.

Nitakwambia na lile ulilokuwa unauliza. Ingerid ni mjamzito. Mtoto anakuja mwezi wa tatu. Sikutaka kuliandika mpaka tuwe na uhakika, tulishapoteza mmoja mwaka jana na sikumwambia mtu. Kadi ile maana yake ilikuwa hiyo. Wewe Shangazi masikio yako yaliondoka kipande kwa kipande kwa kulala chini uwanjani karibu na bunduki ya Baba tangu mkiwa wadogo. Nilitaka yake yabaki. Nilitaka amsikie mjukuu wake akimwita.

Nenda kaangalie boksi. Niandikie siku hiyo hiyo.

Sjur


Haugli, 8 Oktoba

Mwanangu Sjur, na Ingerid pia,

Nimelia, nimecheka, nimemwaga kahawa. Mwezi wa tatu! Nimeshaanza kufuma soksi, na sijui hata mguu wa mtoto mchanga ni mkubwa kiasi gani siku hizi. Kwa huyo wa mwaka jana, pole sana. Ungeniambia. Ningekaa nanyi tu, hata bila kusema kitu.

Hukupata jibu siku hiyo hiyo kwa sababu nilitaka kukuletea habari nzima, siyo nusu. Sikiliza sasa.

Boksi lilikuwepo, limefungwa vizuri. Ndani hamna kitu. Nilibaki nimelishika mpaka uji ukaungua. Mtu huyu amekaa na mimi meza moja mwezi mzima, analala, anaamka, anauza shamba la watu, na boksi tupu liko juu ya kichwa chake!

Nikaenda chumbani kwake nikachukua begi la mlimani na kulimwaga sakafuni mbele yake. Likatoka lile sufuria, limeviringishwa ndani ya kofia yake ya sufu. Akaliangalia. Nikamwambia, "Tarald, sema." Akakaa kitandani na ule mguu wake wa bandeji.

Kumbe alilijaribu. Nyuma ya ghala, peke yake, siku ambayo mimi na Halvor tulikwenda kanisani. Alipiga kisiki kwa hatua chache tu, risasi ikapiga kisiki, akaridhika. Kwa karibu vile utaona nini? Kasoro haifiki hata upana wa kidole. Alijua fika kwamba haitoshi. Yeye ndiye alikuwa anatukemea sisi tusijaribu bunduki karibu. Lakini kwenda uwanjani nalo, mbele ya wale wanaume aliowaambia miaka yote kuwa ni sufuria, hapo hakuweza. Kiburi chake kile unakijua, nawe unacho.

Nikamuuliza, kwa nini ulilifunga basi? Akasema, "Nilitaka dume la kwanza niliangushe nalo. Halafu nimwandikie kijana."

Nikamuuliza tena, na kwa nini hukusema? Umewaambia watu wote wewe ni kipofu! Unauza nyumba yetu! Alijibu ameinamisha kichwa, nikamwambia arudie, nataka kuiona midomo sawasawa. Akarudia. "Nisemeje, Gudveig? Kwamba mwanangu amenipa kitu baada ya miaka minne, na kitu hicho kimenitia aibu? Wangelisema jina lake kila wakinywa kahawa. Heri waseme macho yangu."

Sjur, nilimpiga na ile kofia ya sufu. Nilimpiga mara nyingi. Kisha nikamwonyesha barua yako.

Aliisoma polepole. Alipofika kwenye mtoto alirudi nyuma akasoma upya. Halafu akaikunja akatoka nje kwa mkongojo, akasimama kwa kondoo, kama alivyofanya ile Krismasi uliyokataa shamba. Nikadhani tumerudi kule kule.

Jumamosi nikachukua uamuzi wangu. Nilimpitia Halvor nikachukua bunduki, yeye akaingia kwenye gari, tukaenda uwanjani nami nikiendesha, ili nipige mwenyewe na wote waone risasi inavyoshuka, maana bunduki ile naijua kabla ya Halvor. Nilikuwa nimelibeba lile sufuria kwenye mfuko wa sweta yangu. Walikuwepo wote, wanamalizia mazoezi ya shabaha kabla ya majira ya baridi. Nikalala chini nikawa tayari. Mara nikaona wote wamegeuza shingo. Baba yako anakuja barabarani na trekta. Na trekta, Sjur, kwa mguu ule! Alishuka akaniambia, "Ondoka hapo, utaliharibu bega." Akalala yeye.

Alipiga tatu bila kizuia sauti. Zote katikati, ungezifunika kwa sarafu. Kisha akanyoosha mkono kwangu bila kugeuka. Nikampa. Akakifunga mbele ya watu wote, akakikaza, akalenga pale pale. Akapiga tatu nyingine. Halvor akaenda kuangalia kwa miguu ingawa darubini ilikuwepo, akarudi na karatasi yenyewe. Zimekaa pamoja zote tatu, karibu kuliko zile za kwanza. Kiganja kimoja chini. Halvor aliweka mkono wake pale kati, ukaenea sawasawa.

Yule jirani wa juu alikuwepo. Aliiangalia ile karatasi muda mrefu, kisha akavaa kofia akaenda kwenye gari lake. Baba yako akawaambia wale wanaume, "Macho hayana neno. Sikuilenganisha upya. Kosa ni langu." Hakukutaja. Nao hawakucheka. Mzee mmoja aliuliza sufuria kama hilo linapatikana wapi.

Haugli haiuzwi. Atailima yeye mpaka ashindwe, baada ya hapo mtaamua wenyewe, hilo sitaki kuliandika sasa.

Nilitaka kuizungusha darubini pale pale, jambo la dakika moja. Akanishika mkono. Akaniambia niandike barua, na nikuulize, kwa maneno yake haya haya, "Muulize Sjur, nipandishe mibofyo mingapi?"

Jibu analijua. Ndiye aliyetufundisha kuhesabu mibofyo hiyo, wewe na mimi. Lakini jina lako kalitaja, na bunduki iko jikoni haijaguswa. Anasema haizungushwi mpaka jibu lije. Kila posta ikija anafika getini kabla yangu, na mkongojo wake.

Usimwandikie. Njoo na Ingerid mje mumjibu.

Shangazi Gudveig